Waya wa Chini ya Ngazi

Kilichoanza kupotea ni vipande vya maneno. Mgonjwa mmoja alikuwa akieleza kwamba hajawahi kuzimia maishani mwake, na kilichofika sikioni mwa mkalimani ni "...jawahi kuzimia." Mwingine alisema haoni vizuri, ikafika "...oni vizuri." Mwanzo wa neno ulikuwa unamezwa, kana kwamba kuna mtu amekaa katikati ya laini, anang'ata ncha ya kila kinachopita kabla ya kukiachia. Mkalimani akawaomba warudie. Wakarudia. Akaomba radhi, akasema ni mtandao, na kazi ikaendelea.

Mwanamke huyo alifanyia kazi nyumbani, kwenye meza iliyokuwa chini ya dirisha la sebule, akitumia simu ya mezani inayopita kwenye intaneti. Hospitali ikimpata mgonjwa asiyejua lugha ya daktari, ilimpigia yeye, naye akakaa katikati ya wawili hao akigeuza maneno. Kazi ilimtaka aseme kama wao. Daktari akisema "nitakupasua," naye aseme hivyo hivyo. Mgonjwa akisema "naogopa kufa," naye aseme "naogopa kufa," kwa sauti tulivu, kisha apige funda la maji. Mume wake, dereva wa lori la masafa marefu, alimwita Kasuku. "Kasuku wangu," angesema akipiga kutoka barabarani, "leo umekuwa nani na nani?" Naye angecheka, amwambie leo nimekuwa mzee mwenye tezi dume, na mume angecheka mpaka honi ya lori ilie.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Ilikuwa nyumba ya zamani yenye ngazi ya mbao, kuta nene na nyaya za simu za enzi zile zilizopita ndani ya ukuta kutoka chumba hadi chumba. Fundi wa mtandao alipokuja kufunga simu mpya alizifurahia. "Nyaya bado nzima," alisema. "Nikiunganisha hapa ukutani, simu italia na huko chumbani kwa mama, hamna haja ya kukimbizana." Chumbani kwa mama mkwe kulikuwa na simu nzito nyeusi, iliyokuwa imekaa miaka mingi chini ya kitambaa kama pambo. Fundi akachomeka, ile simu ikafufuka. Mama mkwe aliinua mkono wa simu, akasikiliza mlio wake kwa muda mrefu, akaurudisha polepole.

Sasa sauti ilipoanza kukatakata, mkalimani alifanya yote anayofanya mtu yeyote. Alizima kisanduku cha mtandao, akahesabu pumzi, akakiwasha. Alikitoa juu ya friji. Alibadilisha waya. Kisha akamwomba mama mkwe asiangalie tamthilia yake kwa mtandao saa za kazi, na hapo ndipo vita vilipozuka.

"Kwa hiyo mimi nisijue kama yule mwanamume amemrudia mkewe ama hajamrudia, kwa sababu ya simu yako?"

"Ni kwa muda tu, mama. Sauti inakatika. Watu ni wagonjwa."

"Na mimi ni mzima?" Mama mkwe akazima televisheni kwa kidole kimoja, kama mtu anayefumba jicho la maiti, akapanda ngazi kwenda chumbani kwake. Tangu siku hiyo alishinda huko, mlango umefungwa.

Tamthilia ilizimwa, lakini sauti haikupona. Ukaja mwangwi. Mkalimani aliposema neno, lilimrudia baada ya kitambo, likiwa limechoka kidogo, kama lililotoka mbali. Hilo fundi alilijua. Alimwambia kwenye simu kwamba mwangwi ni kitu cha kawaida, apunguze sauti ya kipaza, aweke simu mbali na ukuta. Akafanya hivyo. Mwangwi ukapungua, na badala yake ukaja unyevunyevu wa harufu, harufu kama ya sarafu iliyoshikwa na mkono wenye jasho, ikitoka kwenye matundu madogo ya mkono wa simu, pale pale mtu anapowekea mdomo. Akayafuta kwa pamba. Pamba ikatoka imelowa.

Halafu asubuhi moja, jua limejaa sebuleni, muuza mboga anapita nje akinadi mchicha, daktari mmoja alimaliza sentensi yake ndefu, mkalimani akavuta pumzi ili aigeuze, na kabla hajafungua kinywa akajisikia akiigeuza. Alisikia sauti yake mwenyewe, kwenye simu, ikisema kwa utulivu yale maneno aliyokuwa bado anayapanga kichwani, neno kwa neno, na mgonjwa akajibu, "Ahsante, dada, nimekuelewa," na daktari akaendelea, na yeye akabaki na mdomo wazi, akisikiliza mazungumzo yanayokwenda vizuri kabisa bila yeye.

Angekata simu. Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba angekata simu. Lakini nani atamwamini mtu anayeacha kazi kwa sababu amejisikia anaongea? Akajituliza. Akasema ni ile sauti inayochelewa, masikio yamechanganya kilichotangulia na kilichofuata. Mchana huo huo alipokea simu nyingine.

Ilikuwa wodi ya watoto. Mtoto alikuwa afanyiwe upasuaji mdogo kesho yake asubuhi, jambo la kawaida kabisa, na daktari alikuwa na haraka. "Mwambie mama," alisema, "kuanzia usiku wa leo mtoto asile wala asinywe kitu chochote. Hata maziwa."

Mkalimani alisema, tena kwa makusudi akatamka kila silabi: "Mama, kuanzia usiku wa leo mtoto asile kitu chochote, asinywe kitu chochote. Hata maziwa. Tafadhali rudia nilivyosema."

"Asile, asinywe. Hata maziwa," mama akajibu. Laini ilikuwa inakwaruza, ila hayo yalifika.

"Umeelewa kabisa?"

"Nimeelewa, dada. Mungu akubariki."

Kesho yake jioni alipigiwa na msimamizi wake. Hakusalimia. "Nataka usikilize rekodi," alisema, akaifungulia.

Rekodi nzima ilikuwa imejaa mikwaruzo. Sauti ya daktari ilikatikakatika, ya mama ilisikika kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Sehemu moja tu ilikuwa safi, safi kuliko simu yoyote aliyowahi kupokea, na ilikuwa sauti yake mwenyewe ikisema: "Mama, kuanzia usiku wa leo mtoto ale kitu chochote, anywe kitu chochote. Hata maziwa." Kisha kikafuata kicheko kidogo cha puani, kile anachocheka mtu akimfurahisha mtoto.

Na mama, kwa furaha: "Ale, anywe. Hata maziwa. Mungu akubariki."

"Alimpikia uji wa maziwa alfajiri," msimamizi alisema. "Alimnywesha mpaka mtoto akasema nimeshiba. Walipomlaza kwa dawa ya usingizi uji ukapanda, ukaingia kwenye mapafu. Hakuamka. Nimekuwa nikiwaambia watu wewe ndiye bora niliye naye. Ulikuwa unacheka nini?"

Mkalimani alieleza, akalia, akaapa. Upande wa pili msimamizi alisema, kwa sauti iliyojaa chuki, "Sasa hivi pia unacheka," akakata simu.

Akampigia mume wake huku kamasi na machozi vimechanganyika. Mume alipokea kwa bashasha, halafu bashasha ikazimika. "Kasuku, ngoja. Unasema mtoto amekufa, mbona unacheka?"

"Sicheki, nalia! Nalia, mume wangu!"

"Basi nipigie ukimaliza," alisema polepole. "Hii sauti yako ya leo siipendi."

Fundi alikuja kwa sababu mkalimani alikwenda kumfuata kwa miguu, maana simu hakuthubutu kuigusa tena. Fundi alikuwa kijana mwongeaji, mwenye mikanda ya vifaa kiunoni na mdomo usiotulia, na alianza kazi akipiga mluzi. Akapima kasi ya mtandao, ilikuwa nzuri. Akapima kisanduku, kilikuwa kizima. Akajikuna kichwa, kisha akatazama pale ukutani alipounganisha nyaya za zamani.

"Kosa ni langu, dada," alisema. "Nyaya za zamani hazifai kuachwa hivi hivi. Zikiwa na kitu kingine mwishoni, kinamwaga kelele kwenye simu yako yote. Ngoja nizitenge." Akachomoa waya ukutani, akaiunganisha simu moja kwa moja na kisanduku. Akampigia mwenzake ofisini. Sauti ilikuwa safi kama maji.

"Umeona? Ni hilo tu." Akacheka. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akabana vibanio vya simu yake ya kupimia kwenye ule waya uliochomolewa, waya uliokuwa sasa haujaungana na chochote, akaweka sikioni.

Kicheko kikabaki usoni mwake huku macho yakiwa yameshaacha kucheka. Alisikiliza. Mara moja alitikisa kichwa, kama anayemjibu mtu. Alipoitoa simu sikioni, sikio lake lilikuwa limelowa.

"Dada," alinong'ona, "chini ya ngazi kuna nani?"

"Hakuna mtu. Ni ukuta."

"Waya unaishia pale. Kuna simu nyingine pale, na imeinuliwa. Ameniita kwa jina analoniita mama yangu. Amenisomea kila kitu nilichomwambia mke wangu jana, kwa sauti yangu. Ananiuliza kama nina mtoto mgonjwa."

Akakusanya vifaa vyake kwa mkupuo, vingine akavisahau. "Mimi ni fundi wa mtandao," alisema mlangoni. "Hilo si la mtandao. Usiurudishe huo waya, dada. Hata kwa kujaribu." Hakupiga mluzi akiondoka.

Mkalimani alipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya ngazi, kitambaa cha ile simu nyeusi mkononi.

"Simu yangu imekufa," alisema mama mkwe. "Mmefanya nini?"

"Mama, chini ya ngazi kuna nini?"

Kwa muda mama mkwe alikunja kitambaa, akakikunjua. Kisha akakaa pale pale kwenye ngazi, kama mtoto aliyeadhibiwa, akaeleza kwa sauti ya chini. Pale palikuwa na kijichumba cha simu, enzi za marehemu mumewe. Kampuni iliikata laini zamani sana, na simu ikaendelea kulia. Yeye alimkataza mumewe asiipokee. Siku moja hakuwa nyumbani, mume akaipokea. "Nilimkuta amesimama, mkono wa simu umening'inia, kinywa kinaenda na hakitoi kitu. Hakusema tena neno mpaka anazikwa. Watu wakasema kiharusi. Kabla hajalala kitandani moja kwa moja aliuziba ule mlango kwa mikono yake, matofali kwa matofali, analia bila sauti."

"Na ukaniacha niunganishe simu, mama? Ukamwona fundi anachomeka, ukanyamaza?"

"Nilimsikia," alisema mama mkwe. "Siku ile ile fundi alipochomeka. Nilimsikia baba mkwe wako. Aliniita. Miaka yote hiyo sijaisikia sauti yake, mwanangu, nilikuwa nimeanza kuisahau. Nikawa nashinda naye. Anajua kila kitu. Anajua nguo niliyovaa siku ya kwanza kuonana."

"Mtoto wa watu amekufa."

"Najua." Macho ya mama mkwe yalikuwa makavu. "Yeye alinihadithia. Alinihadithia kabla mtoto hajafa."

Mganga aliyeletwa na mkalimani alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyeomba kwanza chakula kwa sababu, alisema, hawezi kugombana na mtu akiwa na njaa. Alikula akamaliza, akanawa, akauliza nyundo iko wapi. Matofali yaliporomoka kirahisi, kana kwamba kwa ndani yalikuwa yamelambwa miaka mingi hadi yakawa laini. Harufu ya sarafu na jasho ikawavaa. Mle ndani, juu ya kijirafu, palikuwa na simu ya kale, na mkono wake ulikuwa umening'inia ukiyumba taratibu, ingawa hakukuwa na upepo, na matundu ya kipaza yalikuwa yanatoa mvuke, kama kinywa cha mtu asubuhi ya baridi.

Mganga aliukamata, akauweka sikioni. Mkalimani na mama mkwe walisikia yote kutoka waliposimama, maana kile kitu hakikunong'ona. Kilianza kwa sauti ya mganga mwenyewe, kikamdhihaki namna anavyotafuna. Kikaja kwa sauti ya mzee wa kiume, na mama mkwe akapiga hatua mbele, mkalimani akamshika. Kikaja kwa sauti za wagonjwa, mmoja baada ya mwingine, naogopa kufa, naogopa kufa, na ndani yake mlikuwa na zile silabi zote zilizopotea, si, si, ha, ha, zikiwa zimerundikana kama maganda. Mwisho kikaja kwa sauti nyembamba ya mtoto, kikauliza kwa adabu, "Uji umebaki?"

Mkalimani akaziba masikio.

"Unataka nini?" mganga aliuliza. Uso wake haukuwa tena na uchangamfu.

"Mdomo," kile kitu kikasema. "Nimechoka kuazima."

Mganga hakujibizana nacho tena. Alisoma alichosoma kwa haraka na kwa ukali, jasho likimtiririka shingoni, akaushindilia ule mkono wa simu chumvi mpaka matundu yote yakaziba, akaufunga kwa kitambaa cheusi, na alipoukata waya kwa kisu nyumba nzima ilitoa mlio mrefu, simu zote kwa pamoja, kama mnyama anayechunwa, kisha ukimya. Akaiondoa ile simu ya kale akiwa ameikumbatia kifuani kama kichanga kilichokufa. Pale mlangoni akageuka.

"Nimeondoa mdomo wake," alisema. "Koo bado limo ukutani. Huo waya ukikaa bila kuunganishwa, litakauka lenyewe. Msiliguse. Na wewe, mama," akamtazama mama mkwe, "yule si mumeo."

"Nimekusikia," alisema mama mkwe.

Siku zikawa na utulivu mbaya. Mkalimani hakurudishwa kazini, na hakuomba. Mume wake sasa alimsikia vizuri, alimwomba radhi, akamwambia anarudi, yuko njiani, atapita moja kwa moja bila kulala popote ili awahi kumwona. Mama mkwe hakula. Alikaa chumbani na ile simu nyeusi mapajani, akiinua mkono wa simu, akiusikiliza, akiurudisha. Mkalimani alimpelekea chai na kuirudisha ikiwa imepoa. Alimwonea huruma, na hilo ndilo lililomponza.

Mchana mmoja, jua kali, alikuwa anafua uani aliposikia anaitwa kutoka dirishani. Sauti ya mama mkwe ilikuwa na uhai ambao haikuwa nao siku nyingi. "Mwanangu! Njoo haraka, mumeo yuko kwenye simu ya huku!"

Alipanda ngazi mbio, mikono imejaa povu. Hakuwaza. Mtu aliyengoja simu ya mumewe hawazi. Mama mkwe alikuwa amesimama kitandani, ameinyoosha ile simu nyeusi kwa mikono miwili, uso wake umeng'aa kama wa bibi harusi. Mkalimani akaichukua, akaiweka sikioni, akasema, "Haloo?"

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho. Alilisikia likitoka, na likaendelea kutoka, likivuta nyuma yake neno jingine na jingine, kama uzi unaofumuka kwenye nguo, maneno ya utotoni, majina ya watu, nyimbo, matusi, sala, lugha zake zote mbili, yote yakapita kooni kwa kasi na kwa maumivu yakaingia kwenye yale matundu, na alipojaribu kufunga kinywa hakikufunga, na alipojaribu kuitupa simu vidole havikuachia, hadi uzi ulipofika mwisho wake, ukakatika. Ndipo alipouona waya kando ya mguu wa kitanda, umemenywa kwa kisu cha jikoni na kusokotwa kwa vidole visivyojua ufundi.

Mama mkwe alimpokonya simu. "Haya, nimekupa," alisema akihema. "Nimekupa kama ulivyosema. Sasa nipe mume wangu. Uliahidi."

Sauti ya mkalimani, changa na tamu, ikamjibu kutoka kwenye simu. "Hayupo, mama. Hajawahi kuwemo humu. Sauti yake niliimaliza zamani, ilikuwa haina ladha. Wewe ndiye uliyekuwa unaikumbuka, mimi nilikuwa nakutafunia tu."

Mama mkwe alibaki ameishika simu. Sura yake ikaporomoka polepole, shavu baada ya shavu.

Chini sebuleni simu ikalia. Mkalimani alishuka ngazi akijigonga ukutani, na kabla hajaifikia ililia mara ya mwisho, ikapokelewa bila mkono wa mtu. Kipaza sauti kikawaka chenyewe. Mngurumo wa lori ukajaa sebule.

"Kasuku wangu!" Mume alikuwa anapaza sauti juu ya injini. "Niko kwenye ule mnyooko mrefu. Tangu alfajiri sijasimama. Nimeona nipige unichangamshe, macho mazito."

"Pole, mume wangu," sauti yake ikajibu. "Nilikuwa nakungoja."

"Lo! Leo nakusikia kama umekaa kiti cha pembeni."

Mkalimani aliirukia simu. Alifungua kinywa, kikatoa hewa. Aliipiga meza kwa ngumi, aliupiga mkono wa simu juu ya mbao kwa nguvu zote.

"Huo mkwaruzo gani?" mume akauliza.

"Ni mtandao tu, usijali."

Mama mkwe alikuwa ameshuka nyuma yake. Aliisikia sauti ya mwanawe, akaelewa, na akainama juu ya simu akapiga kelele kwa sauti yake yote, "Simamisha gari! Mwanangu, huyo si yeye! Simamisha!"

"Mkwaruzo unazidi," alisema mume. "Umesikika kama mtu analia kwa mbali."

"Ni ile tamthilia ya mama. Nitamwambia apunguze."

Mkalimani aling'oa waya wa simu. Aling'oa kisanduku cha mtandao kutoka ukutani, taa zake zikazima, na mngurumo wa lori ukaendelea kujaa sebule. Akachukua simu yake ya mkononi, vidole vyenye povu vikateleza, akaandika: simama, usilale, si mimi. Akatuma. Wote wawili wakasikia mlio wa ujumbe ukiingia ndani ya lori.

"Kuna meseji imeingia," mume alisema.

"Usiisome ukiwa unaendesha, mume wangu. Unajua sipendi."

"Kweli." Akapiga mwayo, mrefu. "Kasuku, niimbie basi. Au niongeleshe, chochote."

"Umechoka. Barabara ni nyeupe, nyoofu, hakuna gari. Fumba macho kidogo. Pumzi chache tu. Mimi niko hapa, nitakuamsha."

"Utaniamsha?"

"Nitakuamsha."

Mama mkwe alikuwa anapigapiga kifua, anaita jina la utotoni la mwanawe, jina ambalo hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua, akiliita tena na tena mpaka likakosa maana. Mkalimani alikuwa amepiga magoti, ameukumbatia mkono wa simu kwa mikono miwili, kinywa wazi, mishipa ya shingo imemtoka, bila sauti. Na kutoka kwenye simu, juu ya mngurumo uliotulia wa injini iliyokuwa ikienda mbele, mume wake alianza kukoroma taratibu, na kila pumzi ilifika nzima, haikukatika hata mara moja.